Mtoto alale wapi, na nani amfuate Jumamosi? Mipango ya malezi baada ya wazazi kuachana

Hakimu aliniuliza maswali mawili kwa mkupuo: watoto wakae na nani, na huyo mwingine awaone lini. La kwanza nililijibu dakika kumi nzima, na machozi juu. La pili nikalimaliza kwa maneno mawili: "Wakati wowote, Mheshimiwa." Nilijiona muungwana. Hukumu ikatoka inasema watoto watakaa kwangu na mdaiwa, yaani baba yao, atawaona "nyakati zinazofaa".

Miaka miwili iliyofuata hatukuwahi kukubaliana nyakati hizo ni zipi. Baba watoto yuko Lindi mjini, mimi niko Mtwara, katikati yetu kilomita 100 na ushee. Yeye zilimfaa Jumapili saa mbili usiku, akishuka kwenye kosta ya mwisho, watoto wameshalala. Mimi zilinifaa Jumamosi asubuhi, wakati yeye yuko kazini. Kila mmoja alikuwa na nakala ya hukumu, na kila mmoja aliamini imeandikwa kwa ajili yake.

Baadaye nilisomea usaidizi wa kisheria, na sasa watu wanakuja barazani kwangu na swali lilelile lililonishinda. Wengi wanadhani wanachagua kati ya mama na baba. Kinachochaguliwa hasa ni mpango: mtoto analala wapi siku za shule, nani anamfuata, kwa nauli ya nani, na msimu wa korosho inakuwaje. Nimeikusanya hapa mipango inayoombwa zaidi huku kwetu na kuipambanisha. Sitajifanya sina upande.

Mahakama inapimaje

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 zote zinatanguliza maslahi ya mtoto. Matakwa ya wazazi yanasikilizwa, mila za jamii yao zinasikilizwa, na mtoto aliyefikia umri wa kutoa maoni yake mwenyewe anasikilizwa. Ila vyote hivyo vinakaa chini ya maslahi yake.

Halafu kuna ile miaka saba, ambayo kila mtu anaijua nusu. Sheria inachukulia kwamba mtoto wa chini ya miaka 7 ni vema awe na mama yake. Inachukulia tu, haijakata neno. Baba anaweza kuleta ushahidi wa kuipindua dhana hiyo, na hakimu anatakiwa aangalie pia ubaya wa kumng'oa mtoto mahali alipozoea. Nusu nyingine isiyojulikana ni kwamba mtoto akitimiza 7 hahamii kwa baba moja kwa moja. Nimewaona akina baba wanafika mlangoni na cheti cha kuzaliwa mkononi, kama mtu aliyekuja kukomboa rehani. Wengine wanasema ndivyo dini inavyotaka. Lakini katika madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo ya Waislamu wengi wa pwani yetu, mtoto akifika umri wa kupambanua mambo huulizwa anamtaka nani. Hata huko, basi, habebwi tu.

Mila nazo zina lao. Wamakonde, Wamakua, Wayao na Wamwera kwa asili wanahesabu ukoo upande wa mama, kwa hiyo utasikia "watoto ni wa kwetu" kutoka kwa watu wawili kwa sababu mbili tofauti kabisa: mjomba akisimamia ukoo, baba akisimamia mahari, nyumba na jina. Hakimu anawasikiliza wote wawili, kisha anauliza shule iko wapi.

Kwa mama, baba apewe siku zake

Huu ndio mpango unaotolewa mara nyingi, na ndio unaokaa vizuri zaidi mtoto akiwa mdogo na mama amebaki mji uleule. Mtoto anakuwa na kitanda kimoja, madrasa moja au kanisa moja, na mwalimu mmoja anayejua mtoto akiugua ampigie nani.

Udhaifu unaanza mama anaporudi kwao. Mwanamke aliyeachika Mtwara mjini mara nyingi hufungasha kwenda Newala au Tandahimba, na huko mtoto hapotei. Ana bibi, ana mama wadogo, ana mjomba ambaye kwa desturi ana neno kubwa juu ya watoto wa dada yake. Kwa mtoto ni neema. Kwa baba ni ukuta. Anafika amevumbika na safari, anawekewa kiti cha plastiki uani, anapewa maji. Mtoto anaitwa, anakuja akijifuta mikono kwenye gauni, "Shikamoo baba," halafu anasimama kando ya nguzo kama aliyetumwa dukani akasahau alichotumwa. Wakubwa wote wamekaa wanatazama. Nusu saa baadaye baba anaulizia gari la kurudi.

Baba wa namna hiyo hupunguza kuja, kisha hupunguza kutuma hela, kisha sisi tunasema ametelekeza watoto. Wengine wametelekeza kweli. Wengine walichoshwa na kile kiti.

Kwa hiyo ukiomba mpango huu na nyumba ziko mbali, usiombe baba "amtembelee" mtoto. Omba mtoto aende akalale kwa baba. Sheria ya Mtoto inasema wazi kwamba mtoto ambaye wazazi wake wameachana ana haki ya kumtembelea na kukaa na mzazi mwingine, ilimradi masomo yasivurugike. Walio mji mmoja, tuseme mmoja Chikongola na mwingine Shangani, wanaweza kuweka Ijumaa akitoka shule hadi Jumapili jioni, kila baada ya wiki mbili, bila kutoka jasho. Lakini Mtwara na Masasi ni kama kilomita 200. Kumpakia mtoto wa darasa la pili njia hiyo kila wiki mbili ni kumuadhibu kwa kosa lisilo lake. Hapo siku za wiki zigeuzwe likizo: sehemu kubwa ya likizo ya Juni na nusu ya ile ya Desemba.

Kwa baba, mama apewe siku zake

Sababu zinazotajwa sana ni "mimi ndiye mwenye nyumba" na "mimi ndiye mwenye mshahara". Zote mbili ni nyepesi. Sheria ya Ndoa inamtaka baba atunze watoto wawe kwake au wawe kwa mtu mwingine, maana yake pesa yake inaweza kumfuata mtoto huko alipo. Sababu yenye uzito ni mazoea. Kama mtoto amekulia hapo, shule ni ya hapo, baba ndiye aliyekuwa akimwamsha na kumkagua madaftari, na mama anahamia Dar es Salaam kwenye chumba cha kupanga ambacho bado hajakipata, mimi mwenyewe mwanamke ningemwambia mama huyo asishindane. Aombe likizo, aombe simu, aombe kila kitu kiandikwe.

Nina swali moja ninalomuuliza kila baba. Wa karibuni alikuwa mkulima wa korosho, mtu mpole, amekaa kwenye mkeka na kofia yake magotini.

"Saa kumi na mbili asubuhi nani anamkorogea uji?"

"Mama yupo."

"Mama yake?"

"Mama yangu mimi."

"Basi, kaka, tunamwombea mama yako malezi, siyo wewe."

Alicheka, kisha akanyamaza. Mwezi wa kupuliza salfa, dawa ya mikorosho, yuko shambani tangu alfajiri. Kuanzia Oktoba yuko kwenye foleni ya kupima na kusubiri mnada. Hilo halimnyimi mtoto, maana kuna akina mama wakulima vilevile na hakuna anayewauliza. Ila ni lazima aseme kwa ukweli siku inakwendaje, kwa sababu afisa ustawi wa jamii akitembelea nyumba atauliza hilohilo. Mahakama, inapowezekana, huchukua ushauri wa mtu mwenye ujuzi wa malezi ya watoto. Hailazimiki kuufuata, lakini afisa huyo ndiye ameona mtoto analala wapi.

Kuhusu mama wa kambo sisemi kitu. Nimeona wanaowapita mama wazazi, na nimeona wale wengine.

Wiki huku, wiki kule

Ukisoma habari za nchi za mbali utaukuta mpango huu unasifiwa. Huku kwetu uliofaulu mbele ya macho yangu ni mmoja. Wazazi wanaishi dakika kumi za bajaji, wote wana mshahara wa mwezi, mtoto ana sare jozi mbili na viatu jozi mbili, na juzuu yake inakaa kwenye begi kwa kuwa madrasa ni ileile wiki zote.

Walioshindwa walishindwa na vitu vidogo. Jumatatu moja mvulana wa darasa la nne alifika shule na shati la sare na kaptula ya kuchezea. Kaptula ya sare ilikuwa imelowekwa kwa baba, na ufunguo wa kwa baba uko mfukoni mwa baba, na baba yuko kazini bandarini. Mwalimu akampigia mama, mama akampigia baba, na kabla ya saa nne watu wazima watatu walikuwa wameshatukanana kwa sababu ya kaptula. Mvulana alikaa darasani siku nzima ameweka begi mapajani. Wiki ile mpango ukafa.

Kipimo changu hapa ni simu. Mnaweza kuzungumza dakika tano juu ya homa ya mtoto bila kumtaja mwanamke mwingine wala mwanamume mwingine? Kama mnaweza, jaribuni. Kama hamwezi, mtoto ndiye atakuwa anabeba salamu zenu, na salamu zenyewe mnazijua. Jueni pia kwamba Sheria ya Ndoa inazungumzia kumweka mtoto kwa baba au kwa mama. Atakayeingia mahakamani kudai nusu kwa nusu huku mwenzake anapinga anajitafutia kazi ngumu. Mpango huu huingia kwa kukubaliana nje, kisha mahakama ikaandika.

Kwa bibi

Baba yuko Dar es Salaam, mama naye kapata mume mwingine Nachingwea, mtoto yuko kwa bibi Mikindani. Mara ngapi? Mara nyingi mno, na mara nyingi bila karatasi yoyote. Sheria ya Ndoa inaruhusu, katika mazingira ya kipekee, mtoto awekwe kwa ndugu, na chini ya Sheria ya Mtoto ndugu anaweza kuomba mwenyewe.

Ukilinganisha bibi mwenye amri ya mahakama na bibi asiye nayo, tofauti yake utaiona siku ya matatizo. Asiye nayo anaombwa barua ya mzazi shuleni, anahangaika hospitali wakitaka saini ya kumpasua mtoto, na siku yoyote baba akishuka na gari na kusema "nimekuja kumchukua mwanangu" hana la kumwonyesha zaidi ya machozi. Mwenye amri anaitoa sandukuni.

Tahadhari yangu ni ya umri. Bibi wa miaka 70 na mtoto wa miaka 4 wanaendana kwa muda. Bibi wa miaka 80 na msichana wa miaka 14, hapo tujiulize nani anamlea nani. Na matunzo yaandikwe yaende kwenye simu ya bibi mwenyewe, siyo kwa shangazi "atakayempelekea".

Wa kike kwa mama, wa kiume kwa baba

Wazee hulipenda gawio hili kwa sababu linaonekana la haki. Sheria ya Ndoa haimfungi hakimu kuwaweka watoto wote mahali pamoja. Inamtaka amtazame kila mmoja peke yake. Sheria ya Mtoto kwa upande wake inataja wazi uzuri wa ndugu kukaa pamoja. Mimi niko na hii ya pili. Mkishaachana, ndugu yake ndiye kitu pekee cha nyumba ya zamani kinachohama naye. Kama pengo la umri ni kubwa, mmoja yuko kidato cha tatu bweni na mwingine bado chekechea, hapo sawa. Vinginevyo hapana.

Hoja ya jando na unyago, kwamba wa kiume lazima awe kwa baba ili achezwe, haihitaji kumhamisha mtoto. Inahitaji tarehe. Watoto wengi huchezwa likizo ya Juni au ya Desemba. Andikeni nani atamcheza, likizo ipi, nani atatoa gharama, na kwamba shule ikifunguliwa mtoto awe ameshatoka. Nimesuluhisha ugomvi wa ngoma moja iliyopangwa na koo mbili kwa mtoto mmoja, Newala na Ruangwa, wiki ileile. Kila upande ulishanunua mchele.

Kukubaliana au kushindana

Njia ni mbili, na watu huzichanganya. Anayetaka talaka ya mahakama kwanza hupita Baraza la Usuluhishi la Ndoa, la kata au la dini. Likishindwa kuwapatanisha linatoa cheti cha kwenda nacho mahakamani, kuanzia Mahakama ya Mwanzo. Ambaye hakufunga ndoa, au anayetaka suala la mtoto tu, anaweza kutumia Sheria ya Mtoto katika Mahakama ya Watoto. Na talaka ambayo mume ameandika kwenye karatasi ya daftari haijasema lolote juu ya mtoto. Mama mmoja aliniletea karatasi ya namna hiyo ameikunja mara nane, akidhani imempa watoto.

Mkikubaliana kwa afisa ustawi au barazani, hiyo ni nusu ya safari. Makubaliano yale yana nguvu ya heshima yenu tu. Yapelekeni mahakamani yawe amri. Faida ya kukubaliana ni kwamba mnaandika maisha yenu wenyewe, pamoja na gari la saa ngapi na nani ana friji ya kuhifadhia dawa. Hakimu hawezi kujua hayo. Ana mashauri mengine, na mkimwachia nafasi tupu ataijaza kwa maneno ya jumla, kama yalivyojazwa kwangu.

Kuna mahali ambapo kukubaliana nisingekushauri: kwenye nyumba ya kipigo, au mtoto akiwa ameumizwa. Hapo nenda Dawati la Jinsia na Watoto polisi, au piga 116, namba ya bure ya huduma kwa watoto, na uombe kukabidhiana kufanyike mbele ya afisa ustawi, siyo mlangoni kwako.

Amri pana na amri iliyobana

Katika yote haya, hapa ndipo penye uamuzi mkubwa, kuliko hata suala la mama au baba. Amri yangu ya kwanza ilikuwa hivi:

"Mdaiwa atakuwa na haki ya kuwaona watoto nyakati zinazofaa."

Sheria inaruhusu amri ya malezi au matunzo kubadilishwa hali ikibadilika kwa kiasi kikubwa. Mdogo alipoanza darasa la kwanza, mambo ya kuja katikati ya wiki yalikwisha, tukarudi mahakamani pamoja. Ya pili, kwa kifupi, inasema hivi:

"Watoto watakaa na baba yao kuanzia Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi wa masomo saa nne asubuhi hadi Jumapili saa kumi jioni. Mama atawafikisha Mnazi Mmoja, Mingoyo. Baba atawarudisha stendi ya Mtwara. Kila mmoja atalipa nauli ya upande wake. Atakayechelewa saa mbili bila taarifa, zamu hiyo imepita. Likizo ya Juni ni ya baba isipokuwa wiki ya mwisho. Idd el Fitri kwa mama, Idd el Haj kwa baba, mwaka unaofuata wanabadilishana. Mzazi asiye na watoto atazungumza nao kwa simu Jumatano baada ya isha."

Inachosha kuisoma. Ndiyo uzuri wake. Pale Mnazi Mmoja, barabara ya Masasi inapokutana na ya Lindi, nimekaa kwenye benchi la mama anayeuza ming'oko, ile mizizi ya porini ya kuchemsha, watoto wanachezea maganda, na sikuhitaji kumpigia mtu simu kuuliza yuko wapi. Ikifika saa nne yupo, au zamu imepita. Amri pana huwafaa wazazi wanaoelewana, na hao hawana haja kubwa ya amri. Wasioelewana wanahitaji saa, mahali na nauli.

Viongezwe vitu viwili vya huku kwetu. Wenye ndugu ng'ambo ya Ruvuma, waombe mahakama iseme kama mtoto anaweza kuvushwa kwenda Msumbiji au la. Inao uwezo wa kukataza asitolewe nchini. Pili, kuhamisha shule: kwamba hakuna atakayemhamisha mtoto bila kumjulisha mwenzake, tuseme, mwezi mmoja kabla.

Matunzo: ya mwezi au ya msimu

Kwa mwenye mshahara jibu ni jepesi, kila mwezi, kwa simu, ujumbe usifutwe. Fedha taslimu mkononi ndiyo njia mbaya kuliko zote. Kila anayelipa anasema amelipa na kila anayepokea anasema hajaona.

Kwa mkulima wa korosho amri ya kila mwezi mara nyingi hufa kufikia Machi. Hela yake huingia minada inapoanza, kuanzia Oktoba, kupitia chama cha msingi cha ushirika, kisha mfuko unakauka hadi msimu mwingine. Akipangiwa kiwango kilekile mwezi wa Mei kama mwezi wa Novemba, atakuwa mkaidi wa amri kila mwaka bila hata kukusudia, na mama atakuwa anakwenda mahakamani na kurudi kwa nauli isiyorudishwa. Sheria ya Mtoto inamtaka hakimu aangalie kipato cha wazazi wote wawili na gharama za maisha za mahali mtoto anapoishi, kwa hiyo hoja ya msimu ina pa kusimama. Ninaowasaidia huwa nawashauri waombe sehemu mbili: kiasi kidogo kila mwezi cha chakula na sabuni, na kiasi kikubwa malipo ya korosho yakitoka, cha sare, viatu, madaftari na bima ya afya, kabla shule hazijafunguliwa Januari. Akina mama wengine hawaupendi ushauri huu. Wanaogopa hela ya Novemba itaishia kwenye pikipiki mpya. Hofu yao ina msingi. Ndiyo maana tarehe ya mwisho iandikwe, na ikiwezekana sare inunuliwe na risiti ioneshwe.

Na jambo moja ambalo tunakosea wanawake: "Hujaleta hela, humwoni mtoto." Nimelisema mimi mwenyewe, kwenye simu, watoto wanasikia. Matunzo na kuonana ni mambo mawili mbalimbali mbele ya sheria. Hela isipokuja kuna mahakama ya kuidai. Mtoto hafungiwi ndani kama dhamana. Na baba naye asiseme "simwoni, kwa hiyo silipi". Vilevile anayemchukua mtoto kinyemela kutoka kwa aliyepewa na mahakama anavunja Sheria ya Mtoto, hata kama ni mzazi wake wa kumzaa na hata kama amemnunulia baiskeli.

Ningekuwa wewe

Mtoto wa chini ya miaka 7, wazazi mji mmoja: kwa mama, baba apewe kulala na siyo kutembelea tu. Mtoto wa shule, mzazi mmoja anahama: abaki na yule asiyehama, awe nani, na mwingine achukue likizo. Dakika kumi kwa bajaji na mnaelewana: jaribuni wiki kwa wiki muhula mmoja kabla ya kuipeleka mahakamani. Wazazi wote hawapo: bibi, lakini kwa karatasi. Kabla hujaingia kwa hakimu, chukua kalenda ya shule, uzungushie siku unazotaka kwa kalamu, utoe nakala tatu. Ukishapata hukumu, mpe mwalimu mkuu nakala yake. Wasaidizi wa kisheria waliosajiliwa hatulipishi, kwa hiyo usiuze korosho changa kwa kangomba, ule ununuzi wa kienyeji usio halali, ili upate hela ya kumlipa mtu wa kukuandikia.

Mimi na baba watoto tuna kitu kimoja ambacho hakimo kwenye amri: daftari la kurasa 40 linalokaa kwenye begi la mdogo. Anayewakabidhi anaandika mistari miwili mitatu. La Jumapili iliyopita, kwa mwandiko wake ule wa kulala: "Wamekula pweza. Dawa ya kikohozi amekunywa saa sita mchana, nyingine saa mbili usiku. Kiatu cha kushoto kimeachia, nimekishika kwa gundi, hakitafika Ijumaa."

Hakikufika Alhamisi.